Mbuga Ina Wenyewe: Majibu kwa Wanaopinga Sheria za Maji ya Mvua

Mvua ya milimita 40 ikinyesha mchana mmoja, ekari moja hupokea lita zipatazo 160,000 za maji. Kama nusu ya maji hayo yatatiririka bila kuzama ardhini, ekari hiyo imepoteza mapipa 400 ya lita mia mbili mbili, na udongo wa juu umeondoka nayo. Zidisha kwa mashamba ya kata nzima kama Shishiyu, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, kisha kumbuka kwamba Agosti watu walewale watakuwa wanasukuma baiskeli zenye madumu kutafuta maji.

Hata hivyo, kila panapozungumzwa suala la kuweka utaratibu wa maji hayo, nani alime wapi, mfereji upite wapi, mbuga iachwe kiasi gani, madai ni yaleyale. Yanasikika kwenye mikutano ya vijiji, kwenye magulio, hata midomoni mwa madiwani. Baadhi yana hoja ya kweli ndani yake, na hayo nitayapa nafasi kubwa. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: sheria za kupunguza kasi ya maji ya mvua na kulinda mbuga ni mali ya kijiji. Kijiji kina haki ya kuziandika kwa maneno yake, na kisipoziandika, kinamwachia mtu wa mbali akiandikie.

“Mto wetu ni wa msimu. Kiangazi ni mchanga mtupu. Mnalinda nini?”

Mnalinda huo mchanga. Mito ya mkoa wa Simiyu, mto Simiyu wenyewe na mto Duma ikiwamo, hujaa kwa kishindo wakati wa mvua na kukauka kwa juu miezi mingi ya mwaka. Lakini mtazame mama anayekwenda kuchota Septemba. Anachagua mahali ambapo mwaka jana palitoa maji, anafukua kwa bakuli. Mchanga mweupe mkavu anautupa kando, anafikia wa kahawia wenye ubaridi, kisha mkono ukizama hadi begani maji yanaanza kujikusanya chini ya shimo, taratibu, machafu kidogo mwanzoni. Anayamwaga ya kwanza. Anasubiri. Ya pili anayachota kwa kikombe hadi ndoo ijae, na akiondoka anazungushia matawi ya miiba ili ng'ombe na mbwa wasiingie. Shimo hilo ndilo bomba la familia.

Maji yaliyo chini ya mchanga hayanyweki na jua kama yale ya lambo lililo wazi. Katika eneo hili jua na upepo huweza kunywa maji ya wazi mengi kuliko mvua yote inayonyesha kwa mwaka. Mchanga ukishakauka kwa juu kiasi cha nusu mita hadi mita moja, upotevu huo karibu unakoma. Wakamba wa Kitui, nchini Kenya, wamelijua hilo na kulifanyia kazi: tangu miaka ya 1990 wamejenga mamia ya kuta fupi za zege na mawe kukatiza mito ya mchanga, ili mchanga urundikane nyuma ya ukuta na kuhifadhi maji. Sisi mchanga tunao tayari, hatujaugharamia, na tunauharibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulima hadi kwenye mdomo wa mto, hivyo tope la mfinyanzi linashuka na kujaza nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga, nafasi ambazo ndizo zinazoshika maji. Ya pili ni tipa zinazozoa mchanga kwenda kwenye ujenzi bila mtu kuuliza zinachukua wapi na kiasi gani. Mto wa msimu una haja kubwa ya ulinzi kuliko mto wa kudumu, kwa sababu akiba yake ni ndogo na ikiharibika hakuna kinachojaza pengo hadi mvua nyingine.

“Sheria ya mita 60 imefunga mto. Hata ng'ombe hatakunywa.”

Anayesema hivi hajaisoma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 shughuli za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Inampa waziri nafasi ya kutoa miongozo ya shughuli zinazoruhusiwa. Ng'ombe anayeshuka kwa njia moja iliyotengwa, akanywa, akarudi, hajajenga nyumba mtoni. Ng'ombe mia tatu wanaoshuka kila mmoja anapotaka, wakabomoa ukingo mzima hadi ukawa korongo, hao ni jambo jingine.

Hapo ndipo sheria ndogo ya kijiji inapohitajika. Sheria ya nchi haiwezi kujua kwamba pale penye mwamba panafaa kunyweshea na pale penye udongo laini hapafai. Kijiji kinajua. Na afisa yeyote anayemkamata mfugaji njiani kuelekea majini na kumdai fedha kwa kisingizio cha mita 60, naye anyooshewe kitabu cha sheria asome.

“Mbuga ni shamba letu la mpunga. Ikilindwa, tutakula nini?”

Hili ndilo dai zito kuliko yote Usukumani. Kwa asiyeijua nchi hii: mbuga hapa ni bonde tambarare la udongo mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama huweza kuzama. Mvua za kwanza huingia kupitia nyufa hizo, kisha udongo unavimba, nyufa zinajifunga, na maji yanayofuata yanabaki juu yakisimama. Ni ardhioevu ya msimu, na kuwa ya msimu hakuipunguzii hadhi. Mkataba wa Ramsar, ambao Tanzania iliingia mwaka 2000, unahesabu ardhioevu za kudumu na za muda pia.

Je, kulinda mbuga ni kuufukuza mpunga? Mtazame mkulima anayetengeneza jaruba. Anachimba udongo upande wa ndani wa kiwanja chake, anaupanga kuwa tuta kuzunguka pande zote, anaushindilia kwa miguu na mgongo wa jembe. Maji yanayoteremka kutoka kwenye malisho ya juu anayakaribisha yaingie, yatulie, yaache tope lake la rutuba pale ndani, na yakizidi yatokee kwa mlango mdogo kwenda jaruba la jirani. Hiyo ni njia ya kudhibiti maji ya mvua ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walikuja kuisoma Maswa, kwa sababu wakulima wa huku walikuwa wanaifanya tayari na inafanya kazi. Jaruba linapunguza kasi ya maji. Kwa hiyo sheria ya kulinda mbuga isiyotambua majaruba ni sheria mbovu, na kijiji kina haki ya kuikataa.

Mbuga inalindwa dhidi ya kitu kingine. Ni mtaro unaochimbwa katikati ya mbuga ili kuikausha upesi na kupanda mazao yasiyopenda maji. Mtaro huo unayaondoa kwa siku chache maji ambayo yangekaa kwa wiki, na mwenye shamba la chini anapokea mafuriko leo na ukame mwezi ujao. Ni ukulima unaoingia hadi kwenye mkondo wa kati, ule wenye majani marefu, ambao ndio malisho ya mwisho kukauka. Ni pia ugomvi wa mlango wa jaruba: wa juu anaziba, wa chini anakosa; au wa juu anafungua usiku mvua ikizidi, na tuta la jirani linakwenda na maji. Kila msimu majirani wanagombana kwa sababu hii, wakati mwingine hadi kwa fimbo, na mwenyekiti wa kijiji anaamua kwa busara zake tu kwa kuwa hakuna kilichoandikwa. Mkulima wa mpunga ndiye wa kwanza kunufaika sheria ikisema mlango wa maji uwe upande gani, tuta liwe mbali kiasi gani na mkondo, na ukifungua umwarifu nani.

Na sheria ya juu peke yake haitoshi. Tazama Uganda. Katiba yao ya mwaka 1995 inataja ardhioevu kuwa amana ambayo serikali inaishika kwa niaba ya wananchi, maneno mazuri kabisa. Hata hivyo miongo iliyofuata ilishuhudia ardhioevu hizo zikipungua kwa kasi kwa kilimo, viwanda na nyumba. Katiba haikai kwenye mbuga kuangalia nani anachimba mtaro. Majirani ndio wanaokaa pale.

“Ni mwanzo wa kutufukuza, kama Ihefu.”

Dai hili silipuuzi, na anayelipuuza hawajui Wasukuma. Mwaka 2006 serikali ilitoa mkakati wa kuokoa ardhi na vyanzo vya maji, na katika utekelezaji wake wafugaji, wengi wao Wasukuma, waliondolewa pamoja na mifugo yao katika bonde la Usangu na Ihefu, mkoani Mbeya. Wengi walisukumwa kuelekea Lindi na Pwani. Ng'ombe walikufa njiani, familia zilitawanyika, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kuna wazee mkoani Simiyu ambao watoto wao walikuwa miongoni mwa waliohamishwa. Ukiwaambia neno “ardhioevu” wanasikia lori na polisi.

Lakini angalia jinsi uamuzi ule ulivyofanyika. Ulitoka juu, ukashuka kwa amri. Njia ya sheria ndogo inatoka chini. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaandaa mapendekezo, inaitisha mkutano mkuu wa kijiji ili wananchi watoe maoni yao, kisha inapeleka kwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mfugaji anayeogopa kufukuzwa anakaa kwenye mkutano huohuo na ana sauti sawa na mwenye jaruba. Anaweza kudai njia ya ng'ombe iandikwe. Anaweza kudai sehemu ya mbuga ibaki malisho na isigawiwe mashamba, jambo ambalo wafugaji wengi wanalililia bila kujua kwamba ni ulinzi wa ardhioevu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatambua kuwa kuna ardhi hatarishi, zikiwamo ardhioevu na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mamlaka ya kutangaza ardhi hiyo yako ngazi ya juu. Kijiji chenye mpango wake wa matumizi ya ardhi, chenye sheria zake na ramani yake, kina karatasi ya kuweka mezani siku afisa atakapofika. Kijiji kisicho na kitu kitapewa ramani iliyochorwa na mwingine. Anayeogopa Ihefu ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuandika.

“Haya ni mambo ya wageni na ya mkoloni.”

Nusu ya dai hili ni kweli. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao wa kuendeleza Usukuma. Wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta yaliyofungwa, kuweka samadi na kupunguza ng'ombe, na aliyekaidi alitozwa faini. Watu waliuchukia mpango huo kiasi kwamba chuki ile ikawa mojawapo ya nguvu za siasa za uhuru huku, na serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku chama cha TANU Usukumani kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Tuta lenyewe halikuwa na kosa, kwa kuwa linazuia maji na kuyazamisha. Kilichokataliwa ni kuamriwa shambani kwako mwenyewe.

Nusu ya pili si kweli hata kidogo. Ngitili hazikuletwa na mgeni yeyote. Kutenga kipande cha malisho msimu wa mvua, kukifunga, na kukifungua kiangazi kwa ndama na ng'ombe dhaifu ni desturi ya hapa, na dagashida, baraza la kimila linaloongozwa na wazee, ndilo lililokuwa likiweka masharti na adhabu. Desturi hiyo ilidhoofika baada ya Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, watu walipohamishwa na kuyaacha maeneo yao. Mwaka 1986 mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza (Maswa, Bariadi na Meatu zilikuwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga, mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012), ngitili zilizokuwa zimerekodiwa zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Mradi ulipofika ukingoni mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Nyingine za mtu mmoja mmoja, nyingine za vijiji, nyingine za shule. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Equator ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wataalamu walisaidia, lakini ulinzi wa kila siku ulikuwa wa sungusungu, walinzi wa jadi, na dagashida.

Mteremko wenye ngitili hauachii maji yakimbie. Nyasi na majani makavu yanayashika, mizizi inayazamisha, na yanayofika mbugani yanafika polepole na safi. Kwa hiyo kijiji kinachoandika sheria ya maji leo kinaendeleza kazi ambayo babu zake waliianza, kwa kuongeza muhuri wa halmashauri tu.

“Faini zitakuwa mradi wa viongozi.”

Zinaweza kuwa, na mahali pengine zimekuwa. Ng'ombe anakamatwa, fedha inatolewa, risiti hakuna. Dawa yake iandikwe ndani ya sheria yenyewe: kiwango cha faini kijulikane, risiti ya serikali itolewe, na kila mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu, usomewe nani alitozwa, kiasi gani, na fedha imefanya nini. Adhabu ya kazi ifikiriwe pia. Aliyebomoa ukingo aujenge upya, apande mkonge au nyasi pale alipoharibu, kwa kuwa fedha haizuii mmomonyoko na mkonge unazuia. Mtendaji anayekataa kusoma mapato ya faini mbele ya wananchi aondolewe, na sheria ibaki.

“Maji ya barabarani ni kazi ya TARURA.”

Barabara ni kazi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini iliyoanzishwa mwaka 2017, na kalvati linalotapisha maji katikati ya shamba la mtu bila mfereji wa kuyapokea ni kosa la aliyelijenga. Kijiji kilalamike kwa maandishi, na kiendelee kulalamika. Lakini tembea kufuata korongo lolote kutoka chini kwenda juu uone linapoanzia. Mara nyingi utafika kwenye njia ya ng'ombe iliyonyooka na mteremko, au kwenye shamba la pamba lililolimwa kwa plau kushuka na mteremko kwa sababu ng'ombe wa kukokota huchoka kidogo wakivuta hivyo. Kila mfereji wa plau unakuwa njia ya maji. Hakuna mhandisi wa TARURA atakayekuja kukugeuzia plau. Kulima kukatiza mteremko, kuacha ukanda wa nyasi kati ya shamba na shamba, kupitisha njia ya ng'ombe kwa kuzungusha: hayo ni ya kijiji, na hayana gharama ya saruji.

“Maji ya ziwa yanakuja, ya nini kuhangaika na mbuga?”

Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu, unaofadhiliwa kwa sehemu na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ni jambo jema na wananchi wamelisubiri sana. Bomba hilo ni la kunywa, kupika na kuoga. Halitajaza jaruba, na hakuna mfugaji atakayenywesha ng'ombe mia kwa maji ya kulipia kila siku. Na mto Simiyu unamwaga wapi? Ghuba ya Speke, upande wa Magu, jirani na Busega ambako ndiko chanzo cha maji ya mradi kilipo. Udongo unaotoka kwenye miteremko yetu, pamoja na mabaki ya viuatilifu vya pamba, yakiwamo yale ya mtu anayesuuza bomba la kupulizia kwenye lambo, yanasafiri hadi kwenye ziwa hilohilo. Tutalipia kuyasafisha maji tuliyoyachafua wenyewe. Mji wa Maswa nao umekuwa ukitegemea Bwawa la Zanzui, ambalo linajazwa na maji yanayotiririka kutoka mashambani. Bwawa la namna hiyo likijaa tope, kulizoa ni gharama kubwa kuliko sheria ndogo zote za wilaya zikiwekwa pamoja.

Viongozi wa vijiji waliochaguliwa Novemba 2024 walipewa miaka mitano ya kufanya kazi hii. Wewe unayeishi Shishiyu, Lalago, Malampaka au kata nyingine yoyote ya Simiyu, nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji chako uombe kuonyeshwa sheria ndogo za mazingira na maji. Uliza ziliidhinishwa na halmashauri ya wilaya tarehe gani. Kama hazipo, au zipo lakini hazijaidhinishwa, dai ziwe ajenda ya mkutano mkuu ujao kabla ya mvua za Novemba, na uhakikishe mwenye jaruba, mfugaji na mama anayechota mchangani wote wamekaa kwenye mkutano huo.